Mary Rose na Watu Walioifuata Chini ya Maji

Meli ya kivita Mary Rose ilikaa juu ya maji miaka 34 na chini ya maji miaka 437. Watu wakiizungumzia humtaja kwanza Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, yule mwenye wake sita, aliyeamuru ijengwe na aliyekuwa ufukweni siku ilipozama. Mfalme ana nafasi yake, simnyimi. Lakini karibu yote tunayoyajua kuhusu meli hii tumeletewa na watu waliokubali kuingia kwenye maji baridi yenye tope, mahali ambapo mtu haoni hata kiganja chake. Na kati ya wapiga mbizi hao, wa kwanza ambaye maneno yake mwenyewe yamehifadhiwa hadi leo alikuwa Mwafrika.

Habari zake nilizikuta nikiwa mtu mzima. Shuleni tulisomeshwa wafalme wa Kiingereza kwa mpangilio wao, na hakuna aliyetutajia jina la Jacques Francis. Nitafika kwake. Kwanza lazima nieleze meli yenyewe, kwa sababu bila kuielewa meli huwezi kuelewa kwa nini mfalme alitafuta watu wa kupiga mbizi.

Henry alirithi kiti mwaka 1509 akiwa hajatimiza miaka 18. Uingereza ya wakati ule haikuwa dola kubwa ya baharini. Baba yake alimwachia meli chache za kivita, na ng'ambo ya mlango wa bahari walikuwapo Wafaransa, kaskazini Waskoti. Januari 1510 ikatolewa amri ya kujenga meli mbili Portsmouth: Mary Rose na nyingine iliyoitwa Peter Pomegranate. Waridi lilikuwa alama ya Tudor, ukoo wa Henry, na komamanga alama ya mkewe, Malkia Catherine wa Aragon. Mwaka 1511 Mary Rose ilishushwa majini, ikapelekwa London kumaliziwa, na mwaka uliofuata ilikuwa vitani.

Ilijengwa kwa mwaloni, mbao nene mno, na ilikuwa na ngome za mbao omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zilizoinuka juu ya sitaha kama roshani. Katika vita vya zamani vya baharini meli ziligongana, askari wakarukiana, na mshindi akawa yule mwenye watu wengi walio juu. Ngome hizo zilikuwa za kazi hiyo. Ila wakati huohuo mafundi wa Ulaya walikuwa wameanza kukata matundu ubavuni, chini karibu na maji, yenye vifuniko vya kufunga na kufungua, ili mizinga mizito ikae chini na kupiga kutokea humo. Kwa hiyo Mary Rose ilibeba zama mbili kwa pamoja: askari na pinde zao juu, mizinga mikubwa chini. Naomba msomaji aliweke hilo akilini.

Kamanda wake wa kwanza vitani alikuwa Sir Edward Howard, mkuu wa jeshi la majini. Tarehe 10 Agosti 1512, karibu na Brest, aliwashambulia Wafaransa wakiwa bandarini kwao. Siku hiyo meli kubwa ya Kiingereza Regent ilinasana na meli ya Kibretoni Cordelière, baruti ya Cordelière ikalipuka, na zote mbili zikateketea na mamia ya watu. Mary Rose ilinusurika. Mwaka uliofuata Howard alimwandikia mfalme barua ya kuisifu, akaiita meli bora kuliko zote za matanga. Wiki chache baadaye, Aprili 1513, aliamua kushambulia merikebu za makasia za Wafaransa akiwa kwenye vyombo vidogo. Akarukia chombo cha adui, chombo chake mwenyewe kikachukuliwa na maji, akabaki na watu wachache. Alipoona hakuna njia, aliivua filimbi ya dhahabu iliyokuwa alama ya cheo chake akaitupa baharini isiangukie mikononi mwa adui. Walimsukuma kwa mikuki, akazama na silaha zake mwilini.

Ndugu yake Thomas alichukua nafasi. Mwaka huohuo Mary Rose ilipeleka askari kaskazini kuelekea vita vya Flodden, ambako mfalme wa Waskoti aliuawa. Mwaka 1522 ilishiriki katika shambulio la Morlaix, Brittany. Baada ya hapo iliingia kipindi kirefu cha kukaa gatini, ikitiwa kalafati na kusubiri, hadi ilipofanyiwa matengenezo makubwa miaka ya 1530.

Matengenezo hayo ndiyo kiini cha habari. Meli iliyoanza na uzito wa kukadiriwa tani 500 ikaandikwa kuwa tani 700. Mbao za kuimarisha ubavu ziliongezwa, na mizinga mizito ikaongezwa. Katika orodha ya meli za mfalme iliyokamilishwa mwaka 1546, Mary Rose imeandikiwa mizinga 91 midogo kwa mikubwa, mabaharia 200, askari 185 na wapiga mizinga 30. Baadhi ya mizinga ilikuwa ya shaba nyeusi iliyosubiwa kwa ufundi wa hali ya juu, yenye nembo za mfalme. Mingine ilikuwa ya chuma, vipande virefu vilivyobanwa kwa pete.

Nilimsimulia haya ami yangu, ambaye ujana wake wote aliupitisha kwenye majahazi kati ya Mombasa na Lamu. Nilidhani ataniuliza habari za mizinga. Akaniuliza habari za farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke: "Farumi yake je?" Nikamjibu, "Ami, changarawe ilikuwamo ngamani, lakini juu waliendelea kuongeza." Akatikisa kichwa. "Basi, mwanangu, chombo hicho kilikuwa kinangoja upepo wake tu." Nimesoma kurasa nyingi za wataalamu juu ya kuzama kwa Mary Rose, na bado sijaona sentensi inayolisema jambo lile vizuri zaidi.

Upepo wake ulikuja tarehe 19 Julai 1545. Mwaka mmoja kabla, Henry alikuwa ameuteka mji wa Boulogne, na mfalme wa Ufaransa, Francis wa Kwanza, alitaka kulipiza. Alituma kundi kubwa la meli zaidi ya 200 chini ya Claude d'Annebault, wakaingia Solent, ule mkono wa bahari kati ya Portsmouth na kisiwa cha Wight. Waingereza walikuwa na meli kama 80. Henry, sasa mzee mnene mwenye kidonda cha mguu kisichopona, alikuwa Southsea Castle, ngome aliyoijenga mwaka mmoja kabla, akitazama. Sir George Carew alikuwa amepewa Mary Rose na cheo cha makamu mkuu wa jeshi la majini siku moja tu iliyotangulia.

Asubuhi bahari ilikuwa shwari. Merikebu za makasia za Wafaransa, ambazo hazihitaji upepo, zilisogea zikapiga mizinga, na meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kujibu vyema. Kisha upepo ukaamka. Mary Rose ikatweka matanga na kutoka. Ikapiga mizinga ya upande mmoja, ikaanza kugeuka ili ipige kwa upande wa pili, na katika kugeuka huko upepo ukaikamata, ikalala upande wa kulia. Matundu ya mizinga ya safu ya chini yalikuwa wazi. Maji yakaingia kwa mkupuo.

Maelezo hayo yanatoka kwa mtu aliyeokoka, baharia wa Kiflandria, aliyemsimulia balozi wa Kaisari Charles wa Tano, na balozi akaandika barua. Wafaransa walidai ni risasi za mizinga yao zilizoizamisha. Wengine wamelaumu mabaharia wasiotii: inasimuliwa kwamba ndugu wa baba yake Carew alipopita karibu na meli na kuuliza kulikoni, Carew alimjibu kwa sauti kwamba ana watu asioweza kuwatawala. Mimi naamini neno la yule Mflandria. Alikuwa ndani. Na mbao zilizopatikana baadaye zinakubaliana naye, kwani mizinga ya upande ule ilikutwa imesukumwa mbele tayari kwa kupiga, na vifuniko viko juu.

Kilichoua watu wengi hakikuwa maji peke yake. Juu ya sitaha ulikuwa umetandazwa wavu wa kamba nene wa kuzuia maadui wasiruke ndani. Meli ilipolala, wavu ule uliwafungia waliokuwa chini yake. Walikuwa wakiuona mwanga na hewa, na hawakuweza kupita. Kati ya watu wasiopungua 400, waliookoka hawakufika 40, wengi wao wakiwa wale waliokuwa juu kwenye milingoti. Mke wa Carew alikuwa ufukweni pamoja na mfalme. Vilio vya watu walionaswa vilisikika hadi nchi kavu, kama wanavyosimulia waandishi wa zamani, na sioni sababu ya kutowasadiki.

Wafaransa walishuka kisiwani Wight, wakapigana kidogo, wakaondoka bila kufanya kubwa. Vita vyenyewe vikaisha hivyo.

Meli ilikuwa imekaa kwenye maji ya kina kidogo, ncha za milingoti zikionekana. Mizinga ya shaba ilikuwa mali nyingi mno kutelekezwa, na aibu ilikuwa mlangoni kwa mfalme. Ndani ya siku chache waliajiriwa mafundi wa Kiveneti. Mpango wao ulikuwa wa kuzipitisha kamba nene chini ya Mary Rose, kuzifunga kwenye meli mbili kubwa tupu zilizosimama huku na huku, kuzikaza maji yanapokupwa, na kuacha maji yakijaa yainue zote tatu. Kisha kuivuta hadi penye kina kidogo na kurudia. Ni kazi ya akili, na watu wa pwani wanaojua bamvua na maji mafu wanaielewa mara moja. Haikufaulu. Mary Rose ilikuwa imelala ubavu, imezama ndani ya udongo laini, na kamba hazikupata pa kupita. Waliambulia matanga na foromali, ile miti ya kufungia matanga, na mlingoti ukavunjika.

Moja ya meli mbili zilizopangwa kuinua iliitwa Jesus of Lübeck. Nasimama kidogo hapa. Ndiyo meli ileile ambayo Malkia Elizabeth, bintiye Henry, alimkodishia John Hawkins mwaka 1564 kwenda Afrika Magharibi kuchukua watu na kuwauza watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Nilipoligundua hilo nilifunga kitabu kwa muda. Meli hizi husimuliwa kila moja peke yake, hii ya ushujaa, ile ya biashara ya aibu, ilhali zilikuwa za mwenye mmoja na zilitia nanga bandari moja.

Na sasa Jacques Francis. Baada ya Waveneti wa kwanza kushindwa, kazi ilipewa Mveneti mwingine, Piero Paolo Corsi, si kwa kuinua meli bali kuokoa mizinga yake. Corsi alikuja na timu ya wapiga mbizi, na aliyeongoza kazi ya chini ya maji alikuwa Jacques Francis, kijana wa takriban miaka 20, aliyezaliwa katika kisiwa cha pwani ya Guinea kama makarani walivyoandika. Waingereza wengi wa wakati ule hawakujua kuogelea, hata mabaharia. Watu wa pwani ya Afrika Magharibi walikuwa wakizamia tangu utotoni, na Wazungu waliofika huko walistaajabu jinsi wanavyokaa chini. Fikiria kazi yenyewe: hakuna kofia ya hewa, hakuna miwani, maji ya Solent ni baridi hata kiangazi, mkondo unavuta, na chini kuna miili na kamba za meli iliyozama. Anashuka kwa pumzi moja, anapapasa kwa mikono mpaka apate mzinga, anaufunga kamba, anapanda. Hazina ya mfalme ilimlipa Corsi kwa mizinga iliyopatikana. Corsi ndiye aliyeandikwa kwenye hesabu.

Tungeishia hapo kama si kesi. Karibu na Southampton ilikuwa imezama meli ya biashara, Sancta Maria and Sanctus Edwardus, na wafanyabiashara wa Kiitaliano walimkodi Corsi aokoe mali yao. Wakamshtaki kwamba ameiba mikuo ya bati aliyoipata. Februari 1548 Jacques Francis aliitwa kutoa ushahidi mbele ya Mahakama Kuu ya mambo ya bahari, London. Alizungumza kupitia mkalimani. Alieleza yeye na wenzake walichokiona na kukishika chini ya maji, bati, madini ya risasi, kengele, na akasema kwamba tajiri wake alikamatwa katika mwezi wa Mei, msimu ulio mzuri kwa kazi hiyo, na kwamba kama si kukamatwa huko mali nyingine ingeokolewa.

Upande wa pili haukujibu hoja. Ulimshambulia yeye. Mashahidi wao walisema kwamba ni mtumwa, amezaliwa mahali watu wasipobatizwa, na kwamba katika nchi nyingine za Kikristo neno la mtu kama huyo halipokelewi. Mahakama ililipokea. Iliandika ushahidi wake, ikamwandika kuwa ni mtumishi wa Corsi, na karatasi hizo zipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza. Anahesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza anayejulikana kutoa ushahidi katika mahakama ya Uingereza.

Sitaki kuipamba Uingereza ya Tudor kwa jambo hili. Miaka kumi na sita baadaye ilimkodishia Hawkins meli. Lakini siku ile, katika chumba kile, mtu aliyezijua meli zilizozama kwa vidole vyake aliulizwa alichokiona naye akajibu, na waliojaribu kumnyamazisha walishindwa. Ndiyo maana naona si haki kuitaja Mary Rose bila kumtaja yeye. Watoto wetu wanaosomeshwa Henry wa Nane wanaweza kusomeshwa na huyu pia, katika somo hilohilo, bila kuongeza hata kipindi.

Corsi hakuweza kuendelea sana. Wadudu wa baharini watoboao mbao waliula upande wa kushoto uliobaki nje, ukaporomoka, na matope yakafunika upande wa kulia. Meli ikasahaulika.

Mwaka 1836 wavuvi walinasa nyavu kwenye kitu na kuwaomba msaada ndugu wawili, John na Charles Deane, waliokuwa wakizamia karibu hapo kwa kofia ya shaba yenye mrija wa hewa, chombo kipya kabisa wakati ule. Walikuwa wakiokoa mali ya Royal George, manowari nyingine iliyozama maeneo hayo mwaka 1782 na watu zaidi ya 800, baada ya kulazwa ubavu kidogo makusudi kwa ajili ya matengenezo huku matundu ya mizinga yakiwa wazi. Miaka 237 baadaye, maji yaleyale, kosa lilelile. Akina Deane walitoa mizinga ya Mary Rose na pinde kadhaa, wakaendelea hadi mwaka 1840, kisha nao wakaacha.

Mwaka 1965 mwandishi aliyeitwa Alexander McKee, ambaye hakuwa profesa wala tajiri, alianza kuitafuta pamoja na wapiga mbizi wa kujitolea. Alipata ramani ya jeshi la majini ya karne ya 19 iliyotia alama mahali penyewe. Mwaka 1967 chombo cha kupima kwa sauti kilionyesha umbo chini ya matope. Bado ilichukua miaka ya kupapasa hadi Mei 1971, mpiga mbizi Percy Ackland alipoziona mbao zilizofunuliwa na dhoruba za majira ya baridi. Wakati huo Uingereza haikuwa hata na sheria ya kulinda meli zilizozama. Ilipitishwa mwaka 1973.

Mwanaakiolojia aliyeongoza kazi, Margaret Rule, alizoea kuchimba nchi kavu. Alipoona anategemea michoro ya wengine, alijifunza kupiga mbizi akiwa na miaka zaidi ya 40 ili aone mwenyewe. Ninampenda mama huyu kwa hilo. Kati ya mwaka 1979 na 1982 wapiga mbizi zaidi ya 500, wengi wao wa kujitolea, walizamia mara karibu 28,000. Tarehe 11 Oktoba 1982 kreni kubwa iliinua fremu ya chuma iliyobeba karibu asilimia 40 ya meli, ubavu wa kulia. Dunia ilikuwa ikitazama kwenye televisheni. Pini moja ya fremu ikaachia, kona ikashuka kwa kishindo, watu wakashika vichwa. Meli ikashikilia.

Hapa kwetu, miaka hiyohiyo, kati ya 1977 na 1980, wapiga mbizi walikuwa wakichimba meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Vitu vyake viko kwenye jumba la makumbusho ngomeni, na kila Mswahili wa Mombasa anapaswa kuviona. Mbao za meli hiyo ziliachwa chini, zikafunikwa tena. Watu hulaumu. Anayejua kilichofuata Portsmouth ataelewa kwa nini uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwani mbao zilizokaa karne nyingi majini zikikauka ghafla hupasuka na kusinyaa. Mary Rose ilinyunyiziwa maji baridi usiku na mchana kwa miaka 12, kisha nta inayoyeyuka kwenye maji, polietilini glikoli, kuanzia 1994 hadi 2013, ndipo ikaanza kukaushwa polepole. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoinuliwa alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30 kabla bomba halijafungwa. Na salfa na kutu iliyoingia mbaoni bado inahitaji kuchungwa isigeuke tindikali.

Vitu vilivyopatikana ni zaidi ya 19,000. Nilizunguka makumbusho yale polepole na sikuona mzinga wowote ulionigusa kama vitu vya watu wa kawaida. Bakuli za mbao zilizochorwa alama, kwa sababu mwenye bakuli hakujua kuandika jina. Vitana vya chawa, vingi mno. Viatu vya ngozi vyenye alama ya kidole gumba cha mwenyewe. Tasbihi, wakati ambao mfalme alikuwa amevunja nyumba za watawa na watu hawakuwa na hakika waombe vipi. Sanduku la daktari, ambaye alikuwa pia kinyozi, lenye vitu zaidi ya 60: mitungi ya dawa ya kupaka, wembe, bomba la sindano la kutibu magonjwa ya zinaa. Mifupa ya mbwa mdogo karibu na chumba cha seremala. Na punje za pilipili manga, zilizosafiri kutoka pwani ya Malabar, bahari yetu hii ya Hindi, hadi mfukoni mwa baharia wa Kiingereza.

Kuna pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Upinde wa Kiingereza unajulikana vitabuni, lakini kabla ya Mary Rose hakuna aliyeweza kuupima kwa wingi namna hii. Ilibainika kwamba kuuvuta mmoja kulihitaji nguvu ya kuinua kilo 50, mwingine karibu 80. Mifupa ya mabega ya baadhi ya vijana waliokufa inaonyesha alama za kazi hiyo waliyoanza wakiwa watoto.

Mifupa ile imechunguzwa tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima meno na mifupa ya mabaharia wanane, na watatu wao walionekana kukulia nchi zenye joto kuliko Uingereza, kusini mwa Ulaya au Afrika Kaskazini. Mmoja wa waliobaki, kijana ambaye watafiti wamempa jina la Henry, ana dalili za asili ya Kiafrika, na meno yake yanaonyesha alikulia Uingereza. Kwa hiyo Jacques Francis aliposhuka kuipapasa ile meli gizani, huenda Waafrika walikuwamo ndani yake tayari, wakiwa wamekufa kazini kama wenzao.

Mwaka 1984 mwili mmoja wa baharia asiyejulikana ulizikwa katika kanisa kuu la Portsmouth kwa ibada inayofanana na ya enzi zake. Wengine, mabaki ya watu wasiopungua 179, wanatunzwa makumbusho, na mjadala kama ni haki kuwaweka hapo haujaisha. Mimi naelekea upande wa kuwazika wote siku wataalamu watakapomaliza, hata kama kumaliza huko kutachukua muda.

Kazi baharini nayo haijaisha. Kati ya mwaka 2003 na 2005, jeshi la majini la Uingereza lilipofikiria kupanua mkondo kwa ajili ya manowari zake mpya, wapiga mbizi walirudi wakatoa nanga na gogo kuu la omo. Sehemu kubwa ya ngome ya omo haijapatikana. Mahali pale pamewekewa mpaka, na anayetaka kuzamia lazima awe na kibali.